Makaburi Haya Yatatosha

Jumatatu, 2 Juni

Matofali tangu asubuhi. Tuko ghorofa ya pili sasa na ngazi ya mbao inacheza. Mgongo unauma upande wa kushoto tu, ule wa bega la kubebea. Fomani, msimamizi wetu, alinitania mbele ya wenzangu: "Mukongo, wewe natembea kama bibi arusi. Leta sumenti." Wakacheka. Nikacheka nao. Hapa Mbarara mtu wa kazi yangu anaitwa pota. Pota mwenye mvi ni mimi peke yangu.

Siku nzima nasikia neno moja kutoka kwa fundi. Inatosha. Mchanga, inatosha. Maji, inatosha. Namimina mpaka aseme.

Saa kumi na moja nilinawa miguu nikavuka uwanja kwenda kwa Mwalimu Kyomugisha. Anafundisha fasihi katika chuo hiki ninachokijengea ukuta. Mwezi uliopita alinisikia nikiimba wimbo wa kilio huku nachanganya zege. Akaja mpaka kwenye lundo la mchanga na viatu vyake vizuri, akaniuliza maneno. Kilio kwetu ni msiba, zile siku za kukaa na wafiwa. Anakusanya nyimbo za kilio za wanawake wetu wa Nakivale, makazi ya wakimbizi. Amewarekodi Kashojwa, kijiji kile kile ninachokaa nisipokuwa kazini. Mimi nasikiliza kwenye simu yake na kuandika daftarini. Kiswahili cha vitabu anakijua. Chetu cha Kongo kinampita.

Nimeandika kurasa mbili. Jua likizama naacha. Vidole vimekauka kwa saruji na kalamu inateleza.

Jumatano, 4 Juni

Leo sauti ya Mama Nyassa. Ni jirani yangu, anatoka Fizi, Kongo, kama mimi. Niliitambua kabla hajataja jina. Anaimba juu ya kilima cha makaburi. Watu wanasema ofisi ya makazi inataka kuchimba pale udongo mwekundu wa barabara.

*Haya makaburi batatosha,*
*tutalilia fasi gani?*

Anarudia mara tatu. Katikati kuna kuku analia na mtu anakohoa. Nimeandika haraka haraka jinsi nilivyosikia. Nitasafisha Jumapili.

Lazima kusafisha. Naona aibu na Kiswahili chetu kikiwa kwenye karatasi. Batu, bintu, fasi, mingi. Waganda wanatuiga na kucheka. Mwalimu wangu wa darasa la tano alisomea Kigoma, na kila aliyekosea ngeli alichapwa vidole. Niliishia darasa la sita, vita vikaja. Lakini ngeli ninazo. Ni kitu pekee nilichotoka nacho Kongo ambacho hakuna askari aliyekitaka.

Jumapili, 8 Juni

Sikurudi Kashojwa. Sikwenda kanisani. Nimekaa kwenye godoro tangu asubuhi nanakili kila kitu katika daftari jipya. Ba nimefanya wa. Fasi nimefanya mahali. Simu nilikuwa nimeirudisha kwa Mwalimu, basi nilinakili kutoka kwenye karatasi, bila sauti. Mchana nilisinzia mara mbili na kalamu mkononi.

Kazi imetoka safi. Mwandiko mzuri. Najivunia.

Jumanne, 10 Juni

Mwalimu Kyomugisha alilisoma daftari akiwa amesimama. Akasema hajawahi kupata maandishi safi namna hii. Akaniita mwenzake katika utafiti. Nilitazama chini. Nilikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Nikamwuliza nyimbo za wanawake wanaolia zitamfaa nani. Akanikumbusha ile fomu ya ofisi iliyopita vijijini: je, mnaridhika na mpango wa barabara? Karibu kila mtu alitia alama ya ndiyo. Mimi pia nilitia. Mtu anayepanga foleni ya unga mbele ya ofisi haiandikii ofisi hiyo hapana. Mwalimu anasema jambo ambalo mtu haiambii fomu, huliimba kwenye kilio, na wanaopanga barabara wangelijua wangepanga vingine. Nikamwuliza kama serikali inaweza kusikiliza wimbo. Akasema wimbo hapana, karatasi ndiyo. Kwa hiyo anaugeuza wimbo kuwa karatasi. Kurasa nne, Kiingereza upande mmoja, Kiswahili changu upande wa pili. Ofisi imekubali kuzisoma kabla ya kuamua.

Akasema pia kwamba mwaka kesho kuna kazi nyingine ya kuandika, na atanichukua. Kazi ya kukaa. Usiku huu mgongo hauumi sana.

Jumamosi, 14 Juni

Kashojwa. Nimekuta vumbi mpaka ndani ya sufuria. Mama Nyassa alinipa bugali na samaki wadogo. Yeye bado anapikia kwenye mafiga mawili na tofali moja.

Niandike sababu, nisije nikaisahau. Miaka yetu ya kwanza hapa watoto walikufa wengi. Watu wazima waliwekwa chini ya kilima. Watoto juu, mahali pakavu. Hakuna aliyekuwa na saruji wala mbao za msalaba. Kila mama aliyefiwa alitoa figa moja jikoni kwake akalilaza kichwani pa mtoto, upande mweusi wa moshi ukitazama juu. Mgeni akipita ataona mawe tu na nyasi. Figa la Mama Nyassa liko juu kwa Echa wake, mstari wa kwanza. La mke wangu liko mstari wa pili, kwa Furaha wetu. Mke wangu alirudi Kongo kumtafuta mama yake. Ni miaka saba. Sijui. Nilichobaki nacho hapa ni lile jiwe.

Mama Nyassa aliniuliza, "Baba Furaha, uliniandika?"

"Nilikuandika, Mama."

"Muzuri?"

"Vizuri sana. Kiswahili safi."

"Safi ya nani?" Akacheka mpaka akakohoa.

Jumatano, 18 Juni

Kesho mkutano wa ofisi, Base Camp, makao makuu ya makazi. Mwalimu atanichukua kwa gari lake. Fomani amenipa ruhusa, akasema niwasalimie mawaziri. Nimefua shati.

Alhamisi, 19 Juni

Nataka kuandika vizuri jinsi ilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa. Wanawake wa Kashojwa walikaa mbele na vitenge vya kanisani. Mwalimu Kyomugisha alieleza kazi yake. Alinitaja kwa jina, nikasimama, wakanipigia makofi. Kisha ofisa mkuu akasimama. Si mtu mbaya. Alisema amezisoma kurasa zote nne na kwamba, kwa mara ya kwanza, ofisi inaamua kwa kusikia maneno ya watu wenyewe. Akamwambia karani asome maneno hayo kwa Kiswahili. Karani akasoma:

"Makaburi haya yatatosha."

Nikalisikia kwa sikio la kwetu.

Kwetu, kutosha ni kuondoa. Tosha viatu. Tosha sufuria kwenye moto. Mama Nyassa aliimba batatosha: watayaondoa. Watayaondoa haya makaburi, tutalilia wapi? Mimi kwa kalamu yangu nilifuta ba nikaandika ya, kwa sababu makaburi ni ya, kwa sababu ya vidole vyangu vya darasa la tano. Nikamfanya aseme makaburi yaliyopo yanamtosha, hataki mengine.

Ofisa akaeleza kwa Kiingereza, karani akafasiri: kwa kuwa akina mama wenyewe wameridhika na makaburi yaliyo chini, sehemu ya juu, ambayo ni tupu, itachimbwa udongo wa barabara. Lakini akina mama hawakuyafuata hayo. Karani alisema haraka, Kiswahili chake ni cha polisi, na wao walikuwa wamekwisha kuanza kupiga makofi. Walisikia tosha. Walisikia neno lao wenyewe limesomwa na serikali. Walidhani hofu yao imesikika. Mama Nyassa alipiga makofi mikono juu.

Ofisa naye akaona makofi, akafurahi, akapiga.

Humo ndani mtu aliyesikia pande zote mbili alikuwa mmoja. Nilikaa kimya. Mwalimu alinitazama akatabasamu. Nikatabasamu.

Mashine ya kuchimba itaanza wiki ijayo. Nilijiambia, basi kuna muda.

Ijumaa, 20 Juni

Matofali. Sikumwambia Mwalimu.

Jumapili, 22 Juni

Nimeandika barua kwa Mwalimu mara tatu. Mara zote tatu niliandika kwamba huenda kuna kosa dogo. Nimezichana. Si dogo wala si huenda.

Kwa nini sisemi? Nijibu bila kujificha. Naogopa kazi ya kukaa itaniponyoka. Na naogopa zaidi Mwalimu kujua kwamba mwenzake katika utafiti ni pota tu. Hayo mawili. Hakuna la tatu.

Jumatatu, 23 Juni

Nilivuka uwanja saa kumi na moja. Mlango wake ulikuwa wazi, alikuwa na wanafunzi wawili. Nikarudi. Kesho.

Jumanne, 24 Juni

Simu saa tano asubuhi. Mama Nyassa, kwa simu ya kuazima. "Baba Furaha, mashini iko ku kilima. Bale batu ba ofisi si balisoma maneno yetu?"

Niliacha karai palepale kwenye ngazi. Fomani aliniita, sikugeuka. Niliingia kwa Mwalimu Kyomugisha na saruji mbichi mikononi, nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Alifungua zile kurasa. Akaweka kidole kwenye mstari wenyewe, kisha chini yake: tutalilia mahali gani? Akasema, "Mstari huu wa pili ulinikataa. Nilijiuliza kwa nini mtu aliyeridhika aulize atalilia wapi. Nikaupita."

Kisha akauliza, "Ulijua lini?"

"Alhamisi."

Ningependa angenigombeza. Akapiga simu ofisini, haikupokelewa. Akapiga tena na tena huku anatafuta funguo za gari.

Tulipita Masha, njia ya Nakivale. Ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, wengi, wenye pembe ndefu, hawana haraka. Mwalimu alipiga honi bila kuiachia. Mimi nilihesabu pembe kama mwendawazimu.

Jumatano, 25 Juni

Jana sikuweza kuandika.

Tulipofika tingatinga lilikuwa limezimwa kwa sababu dereva alikuwa anakula. Mwalimu alikwenda kusimama mbele yake akiwa na simu sikioni mpaka ofisa alipopatikana. Kazi ikasimama hapo hapo.

Lakini walikuwa wamechimba tangu asubuhi. Mstari wa kwanza hakuna. Kuna ukingo mwekundu, umekatwa wima kama kipande cha sabuni. Malori yalikuwa yamekwisha kupeleka udongo barabarani na kuushindilia. Dereva alisema aliona mawe tu. Ni kweli aliona mawe tu.

Jiwe la Furaha lipo, hatua nne kutoka ukingoni. Nililiona nikafurahi. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Nilifurahi kwanza, ndipo nikamwona Mama Nyassa amekaa kwenye majani na miguu yake inaning'inia juu ya shimo, palepale alipokuwa Echa.

Ningesema Alhamisi, mstari wa kwanza ungekuwepo. Ningesema Ijumaa. Ningesema juzi mlangoni, mbele ya wanafunzi wawili.

Alhamisi, 26 Juni

Ofisini. Mwalimu alitoa simu akauweka wimbo wenyewe mezani, sauti juu. Kuku, kikohozi, Mama Nyassa. Haya makaburi batatosha. Kisha mimi nikasimama nikaeleza neno, na nikaeleza kwamba kosa nililijua tangu mkutanoni. Wanawake walikuwa mlangoni. Walisikia.

Ofisa alitaka kusikia mara ya pili. Akavua miwani. Akasema, "Na siku ile sote tulipiga makofi."

Mwalimu akasema kosa ni lake: alichukua sauti za watu akapeleka karatasi ofisini, na hakurudi kuwasomea wenyewe kabla. Kama angeliwasomea Kashojwa, wangelikamata neno siku hiyo hiyo. Nadhani ni kweli. Haikunipunguzia kitu.

Wameamua. Udongo utachimbwa kwingine. Kilima chote kitawekewa mpaka. Na kuanzia sasa, kabla mashine haijagusa ardhi popote humu, wanawake wazee wa kijiji husika wataitembea kwanza na karani, waseme kuna nini chini. Karani ameiandika, na safari hii wameisoma kwa sauti mbele ya wanawake mpaka wote wakaitikia. Mwalimu anasema ni jambo kubwa, haijawahi kutokea wimbo ukaingia katika kanuni ya ofisi. Najua ni kubwa. Wataokoka watoto wa vijiji vingine.

Nje nilimwendea Mama Nyassa. Nilikuwa nimepanga maneno, akanitangulia.

"Weye ulisoma mingi sana, Baba Furaha," akasema. Akaenda zake.

Jumapili, 29 Juni

Nilikaa Kashojwa. Fomani ametuma neno kwamba nafasi yangu ataishika hadi Jumanne, baada ya hapo nisimlaumu.

Mchana Mama Nyassa alikuja na kigoda chake akakaa mlangoni kwangu. Hakunisalimu. Akasema, "Lete kitabu." Nikaleta daftari. "Andika. Usitengeneze."

Nikaandika. Aliimba polepole, anasimama kila mstari anauliza nimeandika nini, namsomea, anaitika au anakataa. Mara moja mkono wangu ulikwenda wenyewe, nikaandika watoto. Nikamsomea. Akangoja. Nikakata.

*Batoto betu balibatosha ku mulima,*
*balibaweka mu barabara,*
*sasa batu banabakanyaka.*

Kalamu ilitoboa karatasi. Mwanzoni nilidhani nitaona aibu na yale maandishi. Sikuiona. Niliona aibu ya kitu kingine.

Alipomaliza alichukua kigoda chake.

Jumatano, 2 Julai

Mbarara. Matofali, ghorofa ya tatu. Fomani hakunitania, sijui nani alimwambia. Mwalimu Kyomugisha amelipokea daftari la pili. Amesema kazi ya mwaka kesho bado ipo. Nilimwambia amtafute mwanamke wa Kashojwa anayejua kusoma, mimi nitabeba matofali. Hakubisha. Aliandika jina nililompa.

Fundi bado anasema inatosha. Kila mara mkono wangu unachelewa kidogo na mchanga unamwagika.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeteremka kwenye bodaboda kabla ya Kashojwa nikatembea. Barabara mpya ni nzuri. Haina mashimo. Nilitembea pembeni, kwenye majani. Wanawake wengi wanafanya hivyo, naona. Hakuna aliyewaambia.

Karibu na bomba la maji nililiona jiwe limechomoza kwenye udongo ulioshindiliwa. Nililichimbua kwa funguo na kucha. Upande mmoja ni mweusi. Nililifuta kwa shati, weusi haukutoka.

Kwenye mstari wa kwanza kulikuwa na watoto kumi na zaidi. Hakuna wa kujua ni la nani.

Nilimpelekea Mama Nyassa. Alikuwa anachochea moto. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akapitisha kiganja juu ya ule weusi. Nilitaka kumwambia huenda si lake. Nikanyamaza, na mara hii nadhani nilifanya vizuri.

Alitosha sufuria kwenye moto. Akalisukuma tofali kando kwa mguu. Akaliweka jiwe mahali pake, upande mweusi ukitazama ndani, akalitikisa mpaka likakaa. Akarudisha sufuria.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Maji yalichukua muda kuchemka.